Inchi Tatu za Mwaitu

Kwa miaka kumi nilimpima mama yangu kila alipotaka sare mpya, na kwa miaka hiyo yote sikuona kitu. Naanza na hilo ili mtu asidhani nimekaa hapa kuwasema wengine na kujipitisha mwenyewe. Wengine nitawasema, tena kwa raha, maana walijitakia. Lakini tepu ilikuwa mkononi mwangu.

Mimi ni fundi wa nguo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na cherehani moja ya kukanyaga kwenye baraza la duka la vitambaa mjini Machakos. Mwenye duka alikuwa mama wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani, na alinipa pembe ya baraza kwa masharti mawili: nifagie kila asubuhi, na nisiseme vibaya juu ya vitambaa vyake mbele ya wateja. Sharti la kwanza nililitimiza.

Mama yangu, ambaye kwa Kikamba tunamwita mwaitu, aliishi nyumbani kwetu Kalama, si mbali na mji, akilima matuta aliyoachiwa na marehemu baba. Alikuwa mrefu. Sisemi mrefu kwa vile watu wanavyowasifu mama zao. Alikuwa mrefu wa kuinama kila alipopita mlango wa jikoni, na ndiyo sababu akina mama wa kanisa lake walimpa bendera.

Kikundi hicho cha akina mama kilikuwa na sala zake na michango yake, lakini roho yake ilikuwa kwenye sare. Kila baada ya mwaka mmoja au miwili mwenyekiti alikuja na rangi mpya, na sisi mafundi tukamshukuru Mungu. Kulikuwa na sheria. Pindo la gauni liwe inchi nane kutoka ardhini, kwa mrefu na kwa mfupi, ili siku ya maandamano ya mwaka mapindo yote yaende sawa barabarani. Kabla ya kuondoka uwanjani mwenyekiti alipita na rula ya watoto wa shule, akimwinamisha katibu wake apime mama mmoja mmoja. Sheria ya pili ilikuwa ya kujipanga: warefu mbele, wafupi nyuma, na anayewapita wote abebe bendera. Aliyebuni mpango huo hakujua kwamba amewatengenezea wanawake kipimo cha maana kuliko vyote walivyowahi kupimwa. Hakuna aliyekitumia.

Basi kila sare mpya ilipotangazwa mwaitu alikuja barazani, akavua viatu, akasimama juu ya karatasi ya gazeti, nami nikampima. Mara ya kwanza, begani hadi pindo, inchi arobaini na nane. Niliandika kwenye daftari langu la vipimo lenye jalada gumu, ambalo bado ninalo. Yeye ndiye aliyekuwa mteja wangu wa kwanza, na ukurasa wa kwanza ni wake.

Ugonjwa ulianza kwenye vidole. Alikuwa anakaribia au amepita kidogo tu miaka hamsini. Vifundo vya mikono yote miwili vilivimba, vikawa vya moto, na asubuhi hakuweza kukunja ngumi wala kushika kikombe mpaka jua lipande. Baadaye vikafuata viganja, magoti na nyayo. Kila mtu alikuwa na jibu. Wengine walisema ni maji baridi ya mtoni. Wengine walisema ni umri, wakiwa wao wenyewe na umri ule ule na mikono mizima. Shangazi mmoja alisema kuna mtu aliyemroga, na akamtaja. Hospitalini aliambiwa ni baridi yabisi, ile ambayo mwili unajishambulia wenyewe kwenye viungo, akapewa karatasi ya kumwona daktari wa viungo Nairobi. Karatasi hiyo aliikunja akaiweka ndani ya Biblia, na huko ikakaa ikibarikiwa.

Kilichomuuma kuliko vidole kilikuwa mwethya. Mwethya ni kikundi cha wanawake wa kijiji wanaochimbiana matuta kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Aliyekosa mara moja aliulizwa kulikoni. Aliyekosa mara mbili aliimbwa. Wimbo wa mtu mvivu hutungwa papo hapo jembe likipanda na kushuka, na hauna haja ya kutaja jina. Mwaitu aliimbwa mara moja tu. Alirudi nyumbani akaniambia afadhali afe ameshika jembe.

Ndipo akatokea daktari wa sokoni. Namwita daktari kwa sababu kila mtu alimwita hivyo, na yeye hakuwahi kumsahihisha mtu. Alikuwa na duka la dawa kwenye soko la karibu nasi, chumba kimoja chenye rafu tatu, na chini ya meza kopo kubwa lisilo na maandishi. Kutoka kwenye kopo hilo alimhesabia mwaitu vidonge vidogo vyeupe, akavifunga kwenye gazeti, akamwambia anywe kimoja asubuhi na kimoja jioni. Siku ya tatu mwaitu alikunja ngumi. Siku ya tano alikuwa kwenye matuta akiimba na wenzake, na safari hii aliyeimbwa alikuwa mama mwingine.

Lazima niseme ukweli hata kama unaniuma: dawa ilifanya kazi. Niliona vile vidole vikichambua maharagwe nikalia kwa furaha. Nilimwuliza yule mtu nimpe nini kwa wema wake. Alisema hataki kitu, ila kama nina kitambaa cheupe, koti lingemsaidia, watu wapate kumheshimu. Nikamshonea koti jeupe la mikono mirefu, lenye mifuko miwili na mahali pa kalamu. Nilitumia kitambaa kizuri kuliko nilichotumia kwa mume wangu. Tangu hapo watu walimfuata daktari mwenye koti kutoka hata Kithimani, na koti lenyewe nilikuwa nimelipiga pasi kwa mkono wangu.

Hakusema vidonge vinaitwaje, nasi hatukuuliza. Baadaye niliambiwa ni steroidi, dawa nzuri mikononi mwa mtu anayejua anampa nani, kiasi gani, na mpaka lini. Mwaitu alivinywa kwa miaka saba. Vilipokwisha alikwenda sokoni kuongeza, na mara nyingine niliyetumwa ni mimi.

Mwaka haukuisha kabla mashavu hayajajaa. Hizo zilikuwa enzi za ule ugonjwa ambao hatukuutaja kwa jina, ukiona mtu amekonda unaanza kunong'ona. Mtu mnene ndiye aliyekuwa mzima. Mwaitu alipita sokoni uso umekuwa duara na shingo imejaa kwa nyuma, watu wakamshika mkono na kumwambia amenawiri. Kaka yangu alikuja kutoka Nairobi na kamera, akampiga picha ameketi mbele ya nyumba, akaitia kwenye fremu, akaitundika sebuleni na kumweleza kila mgeni kwamba anamlisha mama vizuri. Alimlisha lini, sijui. Miguu na mikono ya mwaitu ilikuwa imekonda, na ngozi ilichubuka ikiguswa tu na kikapu. Lakini hayo yote yalikuwa chini ya nguo, na nguo nilishona mimi.

Sare ya pili baada ya kuanza vidonge, mwaitu alirudi barazani siku moja tu baada ya kuichukua. Pindo lilikuwa limeshuka chini ya zile inchi nane, kwa kuwa nilipokata kitambaa nilikuwa nimefuata namba ya zamani. Alisimama mbele ya wateja wangu akasema, "Siku hizi unashona refu."

Fundi anaweza kuvumilia kuambiwa ni ghali, ni mchelewaji, ni mwongo wa kesho na kesho kutwa, kwa sababu yote hayo ni kweli. Kuambiwa hajui kupima ni jambo jingine. Nilimjibu mama yangu kwamba anasimama vibaya. Nikachukua tepu nikampima tena watu wakiona. Arobaini na saba na nusu. Nikafungua daftari: arobaini na nane. Basi nikafanya jambo ambalo nalikumbuka kwa aibu mpaka leo. Nilichukua kalamu nyekundu nikaikata ile arobaini na nane, na pembeni nikaandika: makosa. Wakati ule nilikuwa bado najifunza, nikajiambia, sikujua kushika tepu.

Sare iliyofuata, arobaini na sita na nusu. Nikaikata ya zamani. Iliyofuata, arobaini na sita kasoro. Nikakata tena. Ukilisoma daftari langu utaona kwamba mimi, niliyejisifu mji mzima, sikuwahi kumpima mama yangu sawasawa hata mara moja.

Na kazi yenyewe ilikuwa inanipigia kelele. Mwanamke akiwa na kibiongo, fundi huongeza urefu wa kipande cha nyuma na kupunguza cha mbele, la sivyo gauni linapanda nyuma na kushuka mbele. Hilo nililijua vizuri sana. Niliwafanyia bibi vizee wa mjini bila hata kufikiri. Mwaitu nilimfanyia vilevile, inchi moja, halafu moja na nusu, halafu mbili, na kichwani mwangu nikaita mtindo.

Tena nilimfokea. Kila nilipompima nilimwambia asimame wima. Alipojaribu nikaona haitoshi, nilishika mabega yake nikayavuta nyuma, kiganja kimoja kikimsukuma mgongoni, kwa nguvu ninayotumia kukaza mkanda wa cherehani. "Pole pole, mwana wakwa," aliniambia siku moja, yaani mtoto wangu. Nilimwambia ni yeye anayejizeesha.

Kwenye maandamano mambo yalikuwa wazi zaidi. Mwaka mmoja mwenyekiti alimnyang'anya bendera akampa mama mwingine aliyeonekana kumzidi kidogo. Mwaka uliofuata alimwambia arudi mstari wa pili, kisha wa nne. Alieleza kwamba ni mpango tu, ili picha zitoke vizuri. Kati ya wanawake wote wale, waliozaa, waliolea, waliozika, hakuna hata mmoja aliyejiuliza mtu mzima anarudije nyuma kwa urefu. Walicheka. Walisema amezama kwa uzito wa mashavu. Mwaitu alicheka nao, kisha akaja nyumbani kuniuliza kama kweli siwezi kushona gauni litakalomfanya aonekane mrefu. Hakutaka makubwa hapa duniani. Alitaka kuibeba tena ile bendera. Nilimwambia asimame wima, atapewa.

Mgongo ulivunjika siku mwethya ilipokuja kwetu. Wanawake walikuwa wamechimba tangu asubuhi, naye alikuwa amewapikia isyo, mahindi na maharagwe, kwenye sufuria kubwa. Aliinama kuiteremsha motoni. Waliokuwapo walisema hakuanguka wala hakuteleza. Alitoa sauti ndogo, akaiweka sufuria chini taratibu chakula kisimwagike, kisha akashindwa kunyooka. Wanawake wakala. Sisemi hivyo kwa ubaya, walikuwa na njaa. Mmoja alimfunga leso kiunoni, mwingine akamkanda kwa mafuta ya moto, na wa tatu akakimbia sokoni kwa daktari mwenye koti, akarudi na vidonge zaidi.

Nilimkuta amelala ubavu, magoti yamekunjwa, anapumua kwa uangalifu. Siku mbili nilimwacha hapo kwa sababu kila mtu alisema ni msuli. Siku ya tatu nilifunga kazi mapema, nikakodi gari, tukampeleka hospitali.

Daktari aliyemwona alikuwa kijana mwenye suruali iliyoshonwa vibaya, na nilimdharau kwa sababu ya suruali hiyo. Alimtuma kupigwa picha, kisha akaitundika kwenye taa. Nilitarajia kuona mfupa mmoja umekatika. Niliona mifupa iliyopauka, karibu ionyeshe nyuma yake, na pingili tatu za uti wa mgongo zilizobonyea. Alinionyesha kwa kalamu. Hii ni ya juzi, akasema, na hizi mbili ni za zamani. Nikamwambia haiwezekani, mama hajawahi kuanguka. Akanijibu kwamba mifupa ikifika hapo haingoji mtu aanguke.

Kisha akamwuliza mwaitu hedhi zake zilikoma lini. Aliuliza hivyo hivyo, mbele yangu, kijana wa umri wa mjukuu. Mwaitu aliangalia ukuta. Mimi niliangalia viatu vyangu. Alijibu kwa Kikamba, akiuambia ukuta, kwamba zilikoma mapema, vidole vikiwa bado vizima. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilijua, maana kwetu binti hamwulizi mama yake mambo hayo, na mama hamwambii binti. Daktari alieleza bila haya yoyote. Hedhi zikikoma mifupa huanza kupungua. Baridi yabisi nayo inaila. Na vile vidonge vyeupe, kwa miaka saba, viliila kuliko yote. Nikakumbuka kwamba juu ya mgongo huo huo, kila jioni, palikaa mtungi wa lita ishirini wa maji ya mtoni, ukining'inia kwa mukwa, ule ukanda wa ngozi wanaoukaza wanawake wetu kwenye paji la uso.

Swali lake la mwisho aliliuliza akiwa anaandika, bila kuinua macho. "Amepungua urefu?"

Mimi nilikuwa na mkoba wangu wa kazi, na daftari lilikuwa ndani. Sikutaka kulitoa. Nililitoa, nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaliweka mezani kwake.

Aliacha kuandika. "Nani alipima hivi?"

"Mimi."

"Na hii mistari nyekundu?"

"Makosa," nikasema.

Alisoma tena kutoka juu hadi chini, akifuatisha kwa kalamu. "Hakuna makosa hapa," akasema. "Uko na mkono mzuri sana."

Nimesifiwa na maharusi, na wake za wakubwa, na hata mwenye duka ambaye hasifu mtu. Hakuna sifa iliyonichoma kama hiyo. Nilitaka kumwuliza jambo. Nilitaka kujua kama mtu akivutwa mabega nyuma kwa nguvu, mara kwa mara, na mtoto wake mwenyewe, zile pingili mbili za zamani zinaweza kuwa zilitokana na hapo. Sikuuliza. Mpaka leo sijamwuliza mtu.

Tulimrudisha nyumbani siku kadhaa baadaye. Nilipokuwa nampangia mito aliomba daftari. Kusoma hakujua sana, lakini namba alizijua. Alipitisha kidole chake kilichopinda juu ya kila moja, pamoja na zile zilizokatwa.

"Kwa hivyo nguo ilikuwa refu kweli," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Nilikuambia."

Nikasema ndiyo, uliniambia. Alinirudishia daftari akafumba macho. Ningependa angenifokea, hata angenitukana, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kwa hayo.

Daktari mwenye suruali mbaya alituonya tusikate vidonge ghafla, maana mwili uliozoea kuletewa dawa hiyo kutoka nje husahau kujitengenezea yake, vikapunguzwa kidogo kidogo kwa miezi mingi. Ile karatasi ya kwenye Biblia ilitolewa ikiwa imefifia, na hatimaye tukaenda Nairobi kwa daktari wa viungo, miaka mingi baada ya kutumwa. Akampa dawa nyingine ya viungo na vidonge vya kuongezea mifupa nguvu. Akamwambia anywe maziwa. Hapo mwaitu alicheka kwa mara ya kwanza tangu avunjike: maisha yake yote maziwa ya ng'ombe wake yaliteremka mjini kila asubuhi, na yeye alibaki na strungi, chai isiyo na maziwa. Akaambiwa atembee, ila asibebe mzigo. Mukwa aliutundika sebuleni, mahali palipokuwa na ile picha ya mashavu. Picha niliishusha mimi, na kaka yangu akaninunia mwaka mzima.

Kwa daktari wa sokoni nilikwenda mara moja tu. Nilikuwa nimepanga maneno kwa siku nne. Nilimkuta amevaa koti, lina doa mfukoni, anamhesabia mama mmoja vidonge. Nilimwambia alichofanya, na nilikisema watu wasikie. Alinisikiliza kwa heshima, akasema pole, akaendelea kuhesabu. Yule mama akaniambia nimwache daktari afanye kazi. Nikamwomba anirudishie koti langu. Hilo ndilo lililomkasirisha.

Maandamano yaliyofuata, mwenyekiti alimtumia mwaitu ujumbe kwamba anaweza kupumzika nyumbani, kikundi kitaelewa. Maana yake ilikuwa kwamba angeharibu mstari. Mwaitu alikuja barazani na fimbo, akavua viatu, akasimama juu ya gazeti. Sikumwambia asimame wima. Mbele arobaini na tano, nyuma arobaini na tisa. Niliandika zote mbili na sikukata kitu. Inchi tatu za mama yangu zilikuwa zimekwenda, na hapo ndipo nilipozihesabu kwa mara ya kwanza.

Uwanjani rula ya mwenyekiti ilifika kwake. Inchi nane mbele, inchi nane nyuma. Katibu alipimishwa mara mbili na hakuna kosa lililopatikana, wakamwacha aende. Alitembea mstari wa mwisho na wafupi, akaachwa hatua kumi, kisha hatua hamsini, kisha akabaki peke yake barabarani na fimbo yake, na akafika. Bendera ilikuwa imekwishaingia kanisani. Nililia pale kando ya barabara nikiwa mtu mzima mwenye watoto.

Miaka ikapita, nikahama barazani nikapata chumba changu. Siku za soko mwaitu alikuja kukaa nami, kwenye kiti pekee chenye mto, akichambua vifungo kwa rangi. Siku moja mwenyekiti aliingia, sare imo kwapani. Alikuwa bado ni mwenyekiti. Watu wa aina hiyo huondolewa na Mungu tu. Uso wake ulikuwa umejaa, duara, unang'aa. Vidole alikuwa amevificha ndani ya leso. Aliitupa sare mezani akasema ili kila mtu asikie, "Fundi, siku hizi unashona refu."

Nilifurahi. Siwezi kulificha hilo, nilifurahi mpaka masikio yakapata moto. Jibu nilikuwa nalo tayari: simama wima, mama mwenyekiti. Ningepunguza pindo, ningemwacha aende zake kwa daktari wake mwenye koti, na mwaka hadi mwaka angerudi nyuma mstari mmoja mmoja mpaka kule alikompeleka mama yangu. Hakuna ambaye angenilaumu. Nilikuwa nimeshachukua mkasi.

Mwaitu hakuinua kichwa kutoka kwenye vifungo. "Mwonyeshe daftari," akasema.

Nikauweka mkasi chini. Nikafungua ukurasa wa mwenyekiti. Arobaini na nne. Arobaini na tatu na nusu. Arobaini na mbili na nusu. Mbili za mwanzo zilikuwa zimekatwa kwa wino mwekundu. Mstari wa mwisho nilikuwa nimeuchora mwaka uliotangulia, baada ya kujua yote niliyoyajua, na sikukumbuka hata kuuchora.

Mwenyekiti aliinamia daftari. "Sasa hii umekata ni nini?"

"Ni mimi nilikosea kukata," nikasema. "Namba ni za kweli. Vua viatu, mama, nikupime tena."

Alisoma zile namba, akaangalia vidole vyake ndani ya leso, akamwangalia mwaitu kwa muda mrefu. Kisha akaanza kuinama kuvua viatu. Mwaitu akamwambia asiiname hivyo, akasimama kwa fimbo yake, akamwachia kiti.